Mbavu za Mtasema

Huku kwetu Tabora jina la mbwa mara nyingi si la mbwa. Ni barua ya wazi kwa jirani. Aliyesengenywa kuwa mchoyo atamwita mbwa wake Nipeni. Aliyegombana na watu wa kisimani atamwita Hawanipendi. Na kila asubuhi anaposimama mlangoni kuliita jina hilo kwa sauti, mtaa mzima unapata habari, wala hakuna awezaye kwenda kushitaki kwa mwenyekiti wa mtaa, maana aliyeitwa ni mbwa. Mbwa wetu aliitwa Mtasema.

Jina hilo alipewa na mume wangu marehemu mwaka 2008. Mwaka ule aliacha ukarani wa reli, kazi ya shati jeupe na mshahara wa mwisho wa mwezi, akaenda msituni upande wa Sikonge kutundika mizinga ya nyuki. Unaweza kufikiri mwenyewe, msomaji, yaliyosemwa. Wengine walidai amerogwa, wengine wakadai nimemshinda nyumbani. Safari yake ya kwanza kurudi alikuja na madebe matatu ya asali, nta kidogo, na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, rangi ya udongo, masikio mawili yasiyokubaliana. Alikiweka chini uani akatangaza jina lake kabla hata hajanisalimu.

Kwa miaka kumi na mmoja hao wawili walikwenda msituni pamoja. Wakati wa kurina wangeweza kukaa kambini wiki tatu au nne. Usiku mbwa alikuwa mlinzi dhidi ya fisi, na mchana kazi yake kubwa ilikuwa nyegere. Wasiomjua nyegere hudhani adui wa mrina asali ni nyuki. Nyuki hulainika kwa moshi. Nyegere halainiki kwa lolote, hupanda mti, huangusha mzinga, hula na watoto wa nyuki pamoja na asali. Mtasema alikuwa na kovu refu begani alilolipata kwake, na mume wangu alilionyesha kwa wageni kama watu wengine waonyeshavyo cheti cha mtoto.

Mume wangu alifariki mwezi wa Machi mwaka 2019. Ilipofika Julai mbwa alikuwa amebaki mifupa.

Kila aliyeingia kutoa pole alikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa yale yale: anamlilia bwana wake. Nilisimuliwa habari za mbwa wa Kaliua aliyelala juu ya kaburi mpaka akafa, na wa Nzega, na wa mahali pengine ambapo sasa sipakumbuki. Ni maelezo mazuri. Yanampa heshima marehemu na yanampa heshima mbwa. Ubaya wake ni kwamba hayamdai mtu kufanya chochote, kwa sababu huzuni haina dawa. Ukishasema mbwa anakufa kwa huzuni, kilichobaki ni kukaa kumtazama.

Mimi nilifundisha hesabu shule za msingi kwa miaka thelathini na miwili, na mazoea hayo hayaishi. Nilichukua kalenda. Mazishi yalikuwa Machi. Mwezi wa Aprili wote Mtasema alikula, tena alikula vizuri, maana nyumba ya matanga haikosi makombo. Mwezi wa Mei mdogo wake marehemu alikwenda msituni kurina mizinga iliyokuwa imeachwa, akaondoka na mbwa, wakarudi baada ya wiki tatu. Kukonda kulianza baada ya hapo. Kama ni huzuni, basi ilichelewa miezi miwili, tena ilipita kwanza msituni. Halafu kulikuwa na jambo la pili: hakuwa amekataa chakula. Alikuja mbio sufuria lilipogonga sakafu, akaingiza mdomo, akatafuna upande mmoja huku ameinamisha kichwa, kisha tonge likaanguka chini. Alilitazama. Akaondoka. Aliyeshiba haangalii tonge namna ile.

Kuna njia rahisi ya kupima unene wa mbwa ambayo daktari wa mifugo alinifundisha baadaye, nami naiandika hapa kwa sababu haina gharama. Kunja ngumi, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mbwa ambaye mbavu zake zinapapasika hivyo, vilima na mabonde, amekonda. Sasa nyoosha mkono uliokunja, upapase mgongo wa kiganja: mifupa unaisikia lakini imefunikwa. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye afya zinavyotakiwa kuwa. Pia upapase kiuno, uti wa mgongo na mapaja, maana mbwa mzee hupungukiwa na nyama ya misuli kabla ya kupungukiwa na kitu kingine, na manyoya huficha mengi. Jicho la mtu anayemwona mbwa kila siku hudanganywa kwa urahisi. Mkono ni vigumu kuudanganya.

Wifi yangu, dada wa marehemu, hakuhitaji kupapasa. Alikaa barazani, akamtazama Mtasema akijikokota kutafuta kivuli, akasema, "Wifi, huyu amekwisha kazi. Mwite mtu mwenye bunduki, ama tafuta sumu, umpumzishe. Kaka hayupo tena, mizinga inauzwa, huyu unamlindia nani?"

Sitaki msomaji amwone wifi kuwa mtu mwenye roho mbaya. Nyumbani kwake wakati ule walikuwa wajukuu saba na mvuke wa sufuria moja. Aliponiuliza kama kweli nitanunua dagaa kwa ajili ya mbwa huku yeye akipima mahindi kwa kikombe, aliuliza swali la haki, na jibu langu halikuwa zuri. Nilimwambia tu kwamba sijakata shauri. Siku ya pili nilimpelekea debe la mahindi, na sote wawili tulijua debe lile lilikuwa linajibu nini.

Neno lake la kumaliza kazi ndilo lililonikaa. Zamani nikifundisha nilizoea kuwapeleka watoto Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe iliyojengwa upya mahali walipokaa Livingstone na Stanley. Hapo Livingstone alikaa mpaka tarehe 25 Agosti 1872 akiwangoja wapagazi ambao Stanley alikuwa ameahidi kumtumia kutoka pwani. Watoto hupenda sana habari za wazungu wawili. Mimi nilipenda kuwaeleza habari za njia yenyewe, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa mpaka hapa Unyanyembe, na kutoka hapa mpaka Ujiji. Za Wanyamwezi waliobeba mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani. Na za sheria ya msafara, ambayo haikuandikwa popote: asiyeweza kutembea huachwa.

Stanley aliporudi Afrika mwaka 1874 alikuja na mbwa watano kutoka Uingereza. Wanne walikufa mapema. Wa tano, aliyeitwa Bull, alifika mpaka mwaka 1876, msafara ulipokuwa unatoka Karagwe kuelekea Ujiji kwa kukata nchi hizi zetu za magharibi. Alikuwa mzee, na alikuwa amekwisha tembea maili kama 1500 kwa miguu yake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878, Stanley anaeleza jinsi mbwa huyo alivyowafuata wabeba bunduki akipepesuka na kulia, mpaka akalala njiani asiinuke tena, akafa macho yakiwa yameelekea walikokwenda wenzake. Ni ukurasa wenye huruma, na nauamini. Lakini kila nikiusoma natafuta mstari mmoja ambao haumo, mstari unaosema kwamba msafara ulisimama. Haukusimama. Msafara haungojei mbwa, kama ambavyo haukungojea wapagazi wengi ambao hata majina yao hayakuandikwa.

Mimi sikuwa na msafara. Nilikuwa mjane mwenye pensheni, nyumba ya vyumba vitatu Ng'ambo, na muda. Sikuwa na mahali pa kuwahi.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, kijana mpole, akavua kofia kwanza akanipa pole ya msiba ndipo akamwomba mbwa ruhusa. Alimfungua mdomo. Upande wa kushoto, gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka na kuoza hata usaha unatoka kwenye fizi. Harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Hilo lilieleza tonge kuanguka. Lakini hakuishia hapo, na ndiyo sababu bado namheshimu. Alitazama fizi zenyewe, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Alipapasa tezi za shingoni na nyuma ya magoti, zilikuwa zimevimba. Aliangalia jicho la kulia ambalo sisi wote tulisema limeingia ukungu wa uzee, akaniuliza, "Mama, ukungu huu ulianza lini?" Nikamjibu, mwezi wa sita. Akauliza anakunywa maji kiasi gani, na kama anakojoa kupita kawaida, kwani figo za mbwa mzee nazo humkondesha. Nikamwambia maji yake ni ya siku zote. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja mtu aliulize: "Karibuni alikwenda wapi?"

Misitu ya miombo ya Sikonge na Ugalla ni nyumba ya ndorobo. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba ndorobo huua ng'ombe. Wachache hukumbuka kwamba huua na mbwa. Livingstone alilijua hilo: katika kitabu chake cha mwaka 1857 aliandika kwamba kuumwa na inzi huyo ni kifo kwa ng'ombe, farasi na mbwa. Alichokuwa hakijui ni kwamba inzi ni mchukuzi tu. Kijidudu chenyewe kilionekana katika miaka ya 1890, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce alipochunguza damu ya ng'ombe wagonjwa huko Zululand. Huingia katika damu, damu ikapungua nguvu, mnyama akakonda hali anakula, na mara nyingine jicho likafunga ukungu. Ugonjwa huo huitwa nagana.

Daktari alichukua tone la damu sikioni, akalipaka kwenye kioo, akaenda nalo. Jioni akapiga simu: vijidudu vimeonekana. Mtasema alikuwa ameleta nagana kutoka kwenye mizinga ya bwana wake. Kwa hiyo wale waliosema ugonjwa wake umetokana na marehemu hawakuwa mbali sana na ukweli, ila njia waliyoipita ni nyingine.

Sasa ikaja shida ya mizani. Dawa ya nagana ambayo wafugaji wengi huijua, Berenil, ng'ombe huivumilia vizuri, lakini mbwa akizidishiwa kidogo tu inaweza kumdhuru ubongo. Kwa hiyo lazima ajulikane uzito wake, si wa kukisia. Daktari mizani yake ilikuwa ya kupimia dawa. Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga; mwenye mashine akaniambia kwa heshima zote kwamba mizani ya unga haiwezi kupandwa na mbwa, na alikuwa na haki. Nikaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu karibu na barabara ya stesheni. Yeye alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya ndoano, na hakuwa na kinyongo na mtu. Tulimtia Mtasema ndani ya gunia la katani, kichwa nje, tukamning'iniza kati ya rejeta ya lori na bakuli la misumari iliyopinda. Hakubweka. Alitutazama kama mtu mzima anayefanyiwa upuuzi na watoto. Kilo 12 na nusu, gunia likiwa limetolewa. Kwa umbo lake, daktari alisema, alitakiwa kuwa na kilo 17.

Mnunuzi yule alikuwa na daftari la kuandikia mizigo. Bila kuulizwa akaandika chini ya shaba na aluminiamu: mbwa wa mwalimu, 12.5.

Sindano ikapigwa. Wiki mbili baadaye, fizi zilipoanza kurudi rangi, mbwa akapewa dawa ya usingizi, gego likang'olewa, akapewa na dawa ya minyoo kwa kipimo. Nasema mambo haya kwa mpangilio wake kwa sababu nimewaona watu wengi wakianza na chakula. Mbwa mzee akikonda, wa kwanza kulaumiwa ni ugali, wakati ugali hauna kosa. Mnyama mwenye jino bovu, au minyoo, au kidudu ndani ya damu, utammwagia sufuria zima na atabaki mbavu nje. Ndoo inayovuja huzibwa kwanza.

Kisha ndipo tukafika jikoni.

Sheria ya kwanza ya daktari ilinishangaza: usimshibishe. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla hudhurika, na mafuta mengi ya ghafla humtia mbwa kuharisha na maumivu ya tumbo. Chakula kidogo, mara nne kwa siku, na kuongeza kiasi baada ya siku chache, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Kwa hiyo ratiba yangu ya siku ikarudi kuwa ya shule. Saa kumi na mbili asubuhi uji mzito, saa tano, saa kumi, saa mbili usiku. Nilianza kuamka kwa kengele tena, mimi niliyekuwa tangu Machi naamka wakati wowote jua linaponikuta.

Chakula chenyewe hakikuwa cha dukani. Msingi ulikuwa dona, si sembe, lililopikwa likaiva vizuri na kuwa laini, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kidonda. Juu ya dona, dagaa. Hapa lazima niseme kidogo, kwani mimi ni mtu wa Tabora na jambo hili tunalo maoni. Dagaa wa Mwanza ni wa bei nafuu lakini mara nyingi wana mchanga, na mchanga ni adui wa meno yaliyobaki. Ukiwatumia, waoshe mara tatu. Dagaa wa Kigoma ni safi na wana mafuta yao wenyewe. Walikuja kwa treni, kama ambavyo bado vinakuja mawese na migebuka, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikifuata takribani njia ile ile ya misafara. Nilikuwa naloweka dagaa, namwaga maji ya kwanza ili chumvi ipungue, nawachemsha, nawaponda kwa mchi mpaka hauoni kichwa wala mkia. Utumbo wa ng'ombe mara mbili kwa wiki, ukisafishwa, ukichemshwa, ukikatwa vipande vidogo. Yai lililoiva kila baada ya siku moja. Mtindi kikombe, si maziwa mabichi, kwani maziwa mabichi humharisha mbwa mkubwa na mtindi kwa kawaida hauna shida hiyo. Mawese kijiko kimoja cha chai, baada ya wiki ya tatu kijiko cha chakula, basi.

Watu wengine husema mzee apunguziwe nyama. Daktari alisema kinyume: kama figo ni nzima, mbwa mzee anahitaji nyama na samaki zaidi kuliko alipokuwa kijana, maana mwili wake unatengeneza misuli kwa taabu. Na vitunguu asiguse, vibichi au vya kupikwa. Huharibu damu, na damu ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Hupasuka kama vioo. Nyumba ya Kiswahili bila kitunguu ni kazi, kwa hiyo sufuria la Mtasema likawa lake peke yake.

Mambo madogo yalisaidia kuliko nilivyotegemea. Chakula kikiwa vuguvugu alikifuata, kikipoa alikipita, kwa sababu pua ya mzee imepungua na mvuke huipelekea habari. Shingo ilikuwa inamuuma akiinama, nikaweka bakuli juu ya tofali mbili. Sakafu ya saruji ilikuwa inateleza, nikatandika gunia. Na niligundua kwamba anakula zaidi nikikaa karibu. Nikawa nakaa, na kikombe changu cha chai. Baada ya siku chache nikawa nakaa na sahani pia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekonda tangu msiba. Kanga nilikuwa naifunga mara mbili kiunoni, na chakula cha mchana nilikuwa nimekiacha kwa sababu kumpikia mtu mmoja ni kama kuimba peke yako. Lakini ukishawasha jiko saa tano kwa ajili ya dagaa wa mbwa, ni upuuzi kutotia sufuria la pili. Daktari hakusema kitu kuhusu hilo, ila siku moja alipokuja kumpima mbwa, alinitazama akasema, "Mama naye amenawiri."

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee Mmanyema, Mwislamu wa swala tano. Babu yake alikuja Tabora na misafara kutoka Kongo. Hakuwahi kuniambia alikuja akiwa nani, na mimi sikuuliza. Mzee huyo katika maisha yake hajamgusa mbwa. Mate ya mbwa yakimpata nguo, ni kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, na umri ule si wa kuteka maji mara saba. Nilidhani ataudhika na harufu ya utumbo. Siku ya Ijumaa moja alisimama mlangoni, mbali kidogo, akaweka chini kifurushi cha gazeti. Ilikuwa mapafu ya mbuzi.

"Mwalimu," akasema, "yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Mungu alimsamehe. Mimi kisima siwezi kuteremka." Akaondoka. Kifurushi kilikuja kila Ijumaa tangu hapo.

Mwezi wa kwanza mizani haikusogea. Nilirudi kwa yule wa chuma chakavu katikati ya Agosti: 12.5 ile ile. Wifi alikuwapo siku hiyo na hakusema neno, jambo ambalo kwake ni hotuba. Septemba mwishoni 13.4. Oktoba 14.5, na Mtasema sasa alipinga kuingia guniani, dalili ambayo daktari aliipenda kuliko namba. Novemba kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Mtoto mmoja mwenye moyo wa ukarimu akamletea sahani ya pilau na mafuta ya nyama, na kwa siku nne mbwa alitapika na kuharisha, tukarudi kwenye uji mtupu na maji yenye chumvi na sukari kidogo. 13.8. Mtoto alilia sana. Nilimpa kazi ya kuponda dagaa kila Jumamosi, akaifanya vizuri, na mpaka leo ananipita akisema, "Shikamoo Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa Mtasema."

Februari mwaka 2020 alifika kilo 16 na nusu. Kumi na saba hakuifikia kamwe, na daktari akasema tuache hapo, kwa kuwa uzito mkubwa nao ungeyaumiza magoti ya mzee. Nikipitisha vidole, mbavu zilikuwa mgongo wa kiganja. Jicho la kulia halikurudi kabisa, lilibaki na kivuli. Msituni hakwenda tena. Mizinga ilikuwa imeuzwa, na nyegere wa Sikonge nadhani walipata habari.

Wifi alikuja Pasaka. Mtasema akainuka, akamfuata mpaka kwenye kiti, akamlalia miguuni, kama alivyozoea kumlalia kaka yake. Wifi aliacha miguu pale pale. Baadaye akaniuliza mtindi ninanunua kwa nani, maana mjukuu wake mmoja hali vizuri. Nilimwambia, na tangu hapo nilinunua vikombe viwili.

Aliishi mwaka mmoja na miezi minne zaidi. Alikufa Juni mwaka 2021, kiangazi kimekwisha anza, usiku, juu ya gunia lake, na asubuhi hiyo bakuli lilikuwa tupu, amemaliza chakula cha saa mbili. Nilipotoka uani kutafuta wa kunichimbia, yule mzee jirani alikuwa amekwisha simama chini ya mwembe na jembe lake. Mbwa hakumgusa; alimwachia mtoto wa dagaa na mimi tumbebe kwenye lile gunia la katani. Lakini shimo alilichimba mwenyewe, la kina, taratibu, akipumzika kila baada ya majembe kumi, na alikataa kabisa kupokewa.